Fielder yangu na njia ya Malindi–Mombasa: nataka sauti safi. Nianzie wapi?

Msafiri_Maweni
Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Niko Malindi, mtaa wa Maweni. Naendesha Toyota Fielder iliyoshuka Mombasa kutoka Japani, na kila wiki naenda Mombasa mara mbili kuchukua mali ya duka. Kwenda ni kama kilomita 120 na kurudi ni vivyo hivyo, kwa hivyo saa ninazokaa ndani ya gari hili zinazidi zile ninazokaa sebuleni kwangu. Ninachosikiliza ni taarabu za zamani, kasida na mawaidha.

Gari likiwa limesimama, sauti inavumilika. Nikishaipita Gede na kushika kasi ya 80, mwimbaji anamezwa na upepo na magurudumu. Nikiongeza sauti, inapasuka. Udi unalia kama mtu anayekwaruza debe, ngoma hazipo, na fidla ikipanda inachoma masikio.

Nilikwenda kwa muuzaji mmoja, akanionyesha sabufa ya inchi 12 na amplifaya iliyoandikwa wati 2000, akasema nikifunga hizo mambo yamekwisha. Bei yake ilinirudisha nyumbani kufikiri. Mimi sitaki kutikisa madirisha ya jirani. Nataka nimsikie mwimbaji anavyovuta pumzi kabla ya kuanza beti. Nianzie wapi?

FundiWaya_MLD
Wa aleikum salam. Ulifanya vyema kurudi nyumbani. Nimefunga redio za magari hapa Malindi tangu enzi za kaseti, na kosa ninalolirekebisha mara nyingi ni hilo la kuanza na sabufa.

Tuanze na hizo wati. Redio iliyoandikwa 50W x 4 haiwezi kuipa kila spika wati 50 mfululizo. Hiyo ni nguvu ya kilele, ya kufumba na kufumbua. Piga hesabu mwenyewe: chukua volti 14.4 ambazo alteneta hutoa, uzizidishe kwa zenyewe, kisha ugawanye kwa 8, yaani mara mbili ya ohm 4 za ukinzani wa spika. Utapata kama wati 26. Huo ndio ukomo wa kiamplifaya kilichomo ndani ya redio, na sauti ambayo haijaanza kupasuka ni baina ya wati 15 na 22.

Na ile ya wati 2000, itazame fyuzi zake. Ikiwa na fyuzi ya ampea 30, basi 30 mara 14.4 ni wati 432 zinazoingia. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Kwenye boksi tafuta herufi RMS, yaani nguvu ya mfululizo. Nambari iliyo karibu nazo ndiyo ya kununulia.

Sasa mlango. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja. Hewa ya nyuma ikipata tundu la kutokea, inakutana na ya mbele na kuifuta, na inayofutika kwanza ni besi. Mlango wa gari ukiuvua kifuniko cha ndani, ni bati jembamba lenye matundu makubwa lililofunikwa kwa karatasi ya plastiki. Ukiweka spika ya bei ghali humo, utapata sauti ya debe ya bei ghali. Kwa hivyo mimi ningekwenda hivi: kuziba matundu ya milango ya mbele na kubadilisha spika zake, kisha amplifaya ndogo yenye ukweli, kisha sabufa ndogo, na hiyo sabufa ni ukiona bado unaihitaji.

KijanaWaMambrui
Naunga mkono la mlango, ila jihadhari na kitu kimoja. Mimi nilitaka kuokoa pesa, nikanunua ile tepu ya kuzibia mapaa yenye foili ya fedha juu na lami chini, nikaibandika milango yote miwili. Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Kisha gari likashinda juani siku mbili Mambrui, mwezi wa Februari, kaskazi inavuma na hakuna kivuli. Lami ikayeyuka, ikateremka hadi kwenye tundu la kutolea maji chini ya mlango, na harufu iliganda ndani ya gari hata viti vikanuka. Kuikwangua ilinichukua siku nzima na mafuta ya taa.

Nunueni ya mpira wa butili. Ukiibana kwa vidole inavutika kama ulimbo na haina harufu ya lami. Bei yake iko juu, lakini mlango mmoja huhitaji kidogo tu, hata robo ya bati ikipata ule uzito inaacha kutetemeka.

BintiGede
Salaam kaka Msafiri. Mimi ni mwalimu, nina Vitz, na mfuko wangu hauruhusu yote hayo. Nilichofanya ni kubadilisha spika mbili za mbele tu, redio ikabaki ile ile. Nimeandika hapa kwa ajili ya wenzangu wanaofikiri kwamba bila amplifaya hakuna faida.

Faida ipo. Za kiwandani zilikuwa za karatasi na sumaku ndogo kama kifuniko cha chupa. Nikanunua za inchi 6.5 zenye twita (kispika cha sauti nyembamba) katikati, za kutumia wati chache. Hapa pana siri: kwenye boksi kuna kipimo cha usikivu cha desibeli. Ikiwa redio yako ni dhaifu, tafuta spika ya desibeli 90 au zaidi. Spika ya desibeli 87 itahitaji nguvu maradufu ili ifikie sauti ile ile ya 90, na redio ya kiwandani haina nguvu hiyo ya kutoa.

Jambo jingine, pima kina kabla hujalipa. Teremsha kioo chote, kisha pima kutoka bati hadi kioo. Mimi ya kwanza niliirudisha dukani kwa sababu sumaku yake ingegusana na kioo. Fundi akaniwekea pete ya plaiwudi ya unene wa milimita 18 kuisogeza nje kidogo, na pete hiyo akaipaka rangi ya mafuta kwa sababu maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila inaponyesha.

FundiWaya_MLD
Mwalimu umesema vizuri sana. Hiyo rangi ya mafuta wengi huisahau. Mlango si mkavu hata siku moja, na hapa pwani unyevu wenyewe una chumvi.

Nahodha_Amu
Nami niwatilie langu ingawa gari sina. Niko Lamu, ndia zetu ni za punda na miguu, nami kazi yangu ni boti ya abiria baina ya Mokowe na mjini. Redio nimeifunga botini, na mai ya munyu yamenifunza.

Waya wa shaba tupu ukipigwa na upepo wa bahari, unageuka kijani ndani ya ganda lake, na nje huoni kitu. Siku moya unawasha, upande mmoya kimya. Sisi wa boti hutumia waya ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati, ule unaong'aa kama fedha ukiukata. Wauza vifaa vya boti wanao. Kwa nyinyi wa magari huenda si lazima gari zima, lakini kwa spika za mlangoni, na kwa athi, ule waya wa hasi wa kufungwa kwenye bodi, ningeutumia. Kila kiungo kiwe cha kubanwa kwa koleo lake, kisha kipakwe mafuta mazito, hata vaselini, ndipo kizibwe kwa mpira unaonywea kwa moto. Ile tepu nyeusi ya gundi huku kwetu haimalizi kusi moja, gundi inalainika na kuachia.

Msafiri_Maweni
Shukrani nyingi, kaka zangu na dada. Nahodha, hilo la waya uliopakwa bati sijawahi kulisikia kwa fundi yeyote wa gari.

Leo nimeanza na redio, kwa sababu moja tu: yangu ni ya Kijapani. Inazungumza Kijapani, ramani yake ni ya Japani, na FM yake inaanzia 76 na kuishia 90. Stesheni zetu ni kuanzia 87.5 hadi 108. Aliyekuwa nalo Mombasa alikuwa ameiwekea kile kidude cha kushusha masafa, kwa hivyo stesheni ya 100 naitafuta kwenye 80, na zote za chini ya 96 sizipati. Pia haikuwa na matundu ya RCA ya kupeleka sauti kwa amplifaya. Nimechukua ya dini mbili (double DIN, ile ya kimo cha redio mbili) yenye jozi tatu za RCA na Bluetooth.

Jambo la kushangaza: tundu la Toyota ni pana kuliko redio. Redio ya kawaida ya dini mbili ina upana wa milimita 180, na tundu la dashibodi ni 200. Pakabaki nafasi ya sentimita moja kila upande. Zipo fremu za kuzibia, usikubali mtu akutilie sponji.

Upande wa nyaya sikukata hata mmoja. Nimenunua ile plagi ya kuunganishia ya Toyota, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, nikaunganisha mezani nyumbani nikiwa nimekaa, kisha nikaja kuchomeka tu.

KijanaWaMambrui
Tuwekee na rangi, wengine tunafuata uzi huu tukiwa na bisibisi mkononi.

FundiWaya_MLD
Rangi nitaziweka mimi, kwa sababu hapa ndipo redio nyingi hufa.

Nyaya zinazotoka nyuma ya redio mpya ni hivi: njano ni moto (umeme) wa kudumu, nyekundu ni moto wa ufunguo, nyeusi ni athi. Buluu yenye mstari mweupe ndiyo ya kuiamsha amplifaya. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ni hasi wa spika hiyo.

Lakini hizo ni za redio. Nyaya za gari lenyewe, upande wa Toyota, zina rangi zake nyingine kabisa. Ukiunganisha njano kwa njano kwa kuangalia macho tu, umekwisha. Tumia plagi, au pima kwa mita. Na hasi za spika usizikusanye pamoja ukazifunga kwenye bodi. Magari ya zamani yalikuwa hivyo, redio za leo kila spika ina hasi yake na ikigusa bodi kile kiamplifaya cha ndani kinaungua.

Msafiri_Maweni
Nimerudi baada ya siku tisa. Milango ya mbele imekwisha.

Spika za kiwandani zilikuwa zimefungwa kwa ribiti, si skrubu, ikabidi nizitoboe kwa drili. Kabla ya kutoboa nilitandika kitambaa chenye maji chini ya tundu kushika vumbi la chuma, maana chuma hicho kikibaki ndani ya mlango huku kwetu ni kutu ya mwezi mmoja. Nikasafisha bati kwa spiriti, nikabandika butili kwenye bati la nje nikiingiza mkono kupitia tundu, nikaikandamiza kwa mpini wa kijiko. Kisha bati la ndani nikaziba yale matundu makubwa. Tundu za kutolea maji chini nimeziacha wazi, na karatasi ya plastiki ya kiwandani nimeirudisha mahali pake juu ya yote.

Nimechukua spika za vipande, yaani ya mlangoni peke yake, twita peke yake, na krosova ya kuzigawia sauti. Twita ni za kitambaa laini, nimezipandisha kwenye nguzo za kioo cha mbele zikitazamana. Nilichagua za kitambaa kwa ajili ya fidla, baada ya kusikiliza dukani za chuma na hizi kwa wimbo ule ule.

Kujua chanya na hasi ya kila spika nilitumia betri ndogo ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani. Gusa mara moja: uso wa spika ukitoka nje, upande wa chanya wa betri ndio chanya wa spika. Ya kulia nilikuwa nimeigeuza bila kujua. Kabla ya kuirekebisha, besi ilikuwa imepotea na mwimbaji hajulikani yuko wapi. Nilipoigeuza, akaja akasimama katikati ya dashibodi. Nilikaa ndani ya gari usiku ule hadi mama watoto akaja kuniita.

Sasa hivi zinaendeshwa na redio yenyewe tu, na tayari nimepita Kilifi nikiwa kwenye 80 na maneno yote nayasikia.

BintiGede
Hongera kaka! Na mlango unafungika vipi sasa? Wangu baada ya butili ulianza kutoa mlio mzito kama wa gari kubwa.

Msafiri_Maweni
Hivyo hivyo, mwalimu. Hata kelele za lami zimepungua, jambo ambalo sikulitarajia.

Dereva_Kilifi
Nawasoma kwa makini. Mimi ni wa matatu, na kwetu sauti ni biashara, abiria vijana huchagua gari kwa redio. Kwa hivyo msidharau wati. Spika nne za mlangoni hazifiki kokote gari likijaa watu 14, kwa maana miili ya watu inakula sauti. Sisi tunahitaji nguvu.

FundiWaya_MLD
Hakuna anayedharau, ndugu yangu, na hilo la miili kula sauti ni kweli tupu. Ila nikuombe jambo kwa sababu wewe uko humo saa 12 kwa siku. Kipimo kinachopendekezwa kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza 3, muda unapungua nusu: 94 ni saa moja, 100 ni robo saa. Makondakta niliowafungia redio miaka ile, leo wawili ukiwasalimia wanakuomba urudie. Weka nguvu nyuma kwa abiria, na spika ya upande wa dereva ipunguze. Redio ina kitufe cha kugawa mbele na nyuma kwa kazi hiyo.

Dereva_Kilifi
Nimekusikia, mzee wangu. La upande wa dereva nitalifanya.

Msafiri_Maweni
Sasa naomba mnisaidie kuchagua. Nimepata pesa kidogo baada ya msimu wa wageni. Nifunge amplifaya mbili, moja ya milango na moja ya sabufa, au moja inatosha?

FundiWaya_MLD
Moja. Chukua ya njia nne, ya daraja D, yenye wati 50 RMS kwa njia kwenye ohm 4. Njia mbili za mbele zipe milango. Njia mbili za nyuma ziunganishe pamoja kuwa moja, zitatoa kama wati 150 kwa sabufa moja ya ohm 4. Sabufa isiwe ya ohm 2, maana njia zikiunganishwa hivyo, amplifaya nyingi haziwezi kushuka chini ya 4.

Hesabu ya umeme: 50 na 50 na 150 ni wati 250. Daraja D hutumia vizuri kama asilimia 80 ya inachokula, kwa hivyo inakula kama 312. Gawanya kwa volti 13.8, ni ampea 23 hivi, na hiyo ni ikipiga kwa nguvu zote, jambo ambalo muziki haufanyi ila kwa nukta chache. Alteneta yako inaiweza bila kubadilishwa.

Waya wa moto uwe namba 8, karibu milimita mraba 8.4, na uwe wa shaba halisi. Sokoni kuna mwingi wa alumini uliopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, huo ni alumini. Hupitisha umeme kidogo kuliko shaba, na kwa hewa yetu hii huliwa haraka mno pale ulipobanwa. Fyuzi kuu iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye nguzo. Fyuzi hiyo hailindi amplifaya, inalinda gari lisiwake moto siku waya utakapokatwa na bati. Athi iwe fupi, na mahali pake papigwe msasa hadi chuma king'ae, kisha ukishakaza ipake mafuta ya Nahodha.

Waya wa moto upite upande wa kulia, RCA zipite kushoto. Zisilale pamoja.

Msafiri_Maweni
Fundi, nimefanya kila ulichosema isipokuwa kimoja, na kimenipata. RCA nilizipitisha upande mmoja na waya wa moto kwa sababu kapeti la kushoto lilikuwa gumu kuinua. Nikiwasha gari kuna mluzi mwembamba, nikikanyaga mafuta unapanda pamoja na injini. Muziki ukiwa juu hausikiki, lakini kwenye mawaidha, sheikh akinyamaza kidogo, upo.

Nahodha_Amu
Huo ni wa alteneta. Botini tunaujua. Tazama athi kwanza, kisha ndio uhamishe nyaya.

Msafiri_Maweni
Nimeanza na athi kama alivyosema Nahodha. Nilikuwa nimeifunga kwenye boliti ya mkanda wa kiti cha nyuma, na chini yake kulikuwa na rangi na gundi ya kiwandani. Nikaihamishia kwenye bati la sakafu la buti, nikapiga msasa vizuri. Mluzi ukapungua zaidi ya nusu. Kisha nikainua kapeti la kushoto, nikahamisha RCA. Umekwisha kabisa. Kazi ya saa nne ambayo ningeimaliza kwa nusu saa mara ya kwanza.

KijanaWaMambrui
Na sanduku la sabufa? Mimi nilinunua lililotengenezwa tayari, la yale mbao za unga wa mbao uliogandishwa. Kusi moja tu, kingo zimevimba kama mkate kwenye chai.

Msafiri_Maweni
Hilo nililiepuka, alhamdulillahi. Nilikwenda kwa seremala anayekarabati mashua, akanikatia plaiwudi ya boti ya milimita 18. Sabufa ni ya inchi 10, na karatasi yake ilitaka sanduku lililofungwa la lita 24 hivi. Ndani tumelipima sentimita 45 kwa 30 kwa 19, ambayo ni lita 25 na ushei, ukitoa nafasi ya sabufa yenyewe unabaki pale pale. Viungo vyote gundi na skrubu, ndani kapaka gundi tena kila pembe.

Nililichagua lililofungwa badala ya lenye tundu. Lenye tundu hutoa besi kubwa zaidi kwa wati zile zile, lakini ngoma za taarabu ninazozipenda ni za kupigwa na kukoma. Nilisikiliza yote mawili kwa rafiki, na la tundu liliiburuta ngoma.

FundiWaya_MLD
Sikio lako limekufikisha. Sasa usiiharibu kwa kufungua kile kitufe cha geni hadi mwisho. Hicho si cha kuongezea sauti, ni cha kuilinganisha redio na amplifaya. Ukikizidisha, mawimbi yanakatwa vichwa, na twita ndizo hufa kwanza.

Tumia multimita, iweke kwenye volti za AC. Ondoa spika zote. Redio ipandishe robo tatu, besi na trebo ziwe sifuri. Cheza mlio wa majaribio wa 400 Hz kwa milango, upandishe geni hadi mita isome volti 14.1. Hiyo ni kipeuo cha pili cha wati 50 mara ohm 4. Kwa sabufa cheza mlio wa 50 Hz, upandishe hadi 24.5, yaani kipeuo cha pili cha wati 150 mara ohm 4. Pale ulipofika, usiguse tena. Halafu milango iikatie sauti za chini ya 80 Hz, na sabufa iikatie za juu ya 80.

Msafiri_Maweni
Nimefanya, na zaidi ya hapo niligeuza hasi na chanya za sabufa kujaribu, kwa kuwa iko nyuma na milango iko mbele. Upande mmoja ngoma zilikuwa zinatoka butini. Niliponyoosha upande wa pili, zikaja mbele na mwimbaji. Nimeiacha hapo.

Msafiri_Maweni
Ndugu zangu, nimepatikana na jambo.

Nilikwenda Lamu kwa Maulidi. Gari nikaliacha Mokowe, nikavuka na boti, nikalala siku mbili. Nimerudi, gari limekufa kabisa, hata taa ya mlango haiwaki. Nimesukumwa na vijana wa jetini, Mungu awalipe heri. Betri ni ya mwaka jana.

FundiWaya_MLD
Amplifaya ilikuwa macho. Ule waya wa kuiamsha umeufunga wapi?

Msafiri_Maweni
Kwenye njano. Buluu yenye mstari ilikuwa fupi, nikaona moto ni moto.

FundiWaya_MLD
Basi umejijibu. Zima kila kitu, toa waya wa hasi wa betri, uiweke mita katikati kwenye ampea 10. Funga milango, subiri nusu saa magari haya yalale. Usiwashe gari wala kuzungusha ufunguo mita ikiwa hapo, utaiunguza. Ukisoma chini ya 0.05 uko salama.

Msafiri_Maweni
Imesoma 0.9. Nimepiga hesabu: mara saa 48 ni ampea-saa 43. Betri yangu nzima ni 35.

Nimeunga kipande cha waya wa Nahodha kwenye buluu yenye mstari mweupe, nikaondoa njano. Nimesubiri tena. Inasoma 0.03.

Nahodha_Amu
Ungelinipigia ukelele ukiwa Mokowe, nilikuwa hapo hapo na betri ya boti. Mwakani ukija uniulizie jetini.

BintiGede
Kaka, na lile ulilolitaka mwanzo? Pumzi ya mwimbaji?

Msafiri_Maweni
Mwalimu, jana niliondoka baada ya swala ya alfajiri. Njia ya Gede ilikuwa haina mtu, madirisha yamefungwa. Kuna kanda ya harusi niliyorithi kwa marehemu baba, mtu kanisaidia kuihamishia kwenye simu. Nimeisikiliza tangu utotoni. Kabla ya beti ya tatu mwimbaji anavuta pumzi, kisha nyuma yake, mbali, mwanamke anasema "haya". Hilo neno sikuwahi kulisikia maisha yangu yote. Nilirudisha nyuma mara nne. Mama anasema sauti hiyo ni ya shangazi.

Fundi, kesho alasiri nitakuja hapo na multimita yako. Skrubu mbili za nguzo ya twita ya kushoto zimelegea kwenye barabara ya vumbi, nadhani zinataka kubwa zaidi.